Jirani Mmoja, Mshona Nguo

Walimwita Bi Kweli kwa sababu hadithi za kutunga hakuzitaka hata kuzisikia. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi, kilichojaa sare za shule zisizokwisha, kila Jumamosi alasiri kiligeuka baraza la wasomaji. Watu walisogeza vitambaa, wakakaa, wakamsubiri aseme, maana kazi ya kuchagua kitabu ilikuwa yake. Akikuambia, "Hiki kasome, mwanangu. Huyu mama alifungwa kwa kosa la mumewe, na hajatia chumvi hata chembe," basi ulikwenda kukisoma. Maisha ya wauguzi, ya wafungwa, ya mabaharia, yote alikuwa nayo kichwani, na alijua kitabu kipi cha kumpa mfiwa na kipi cha kumpa aliyeachwa.

Jumamosi moja dereva wa gari la wagonjwa aliingia na kitabu kwapani, uso umemchangamka.

"Bi Kweli, leo nakuchagulia mimi. Mwanasheria huyu alikuwa yatima, akajilea mwenyewe. Nilikisomea nje ya wodi, nikalia mpaka mgonjwa akanipa pole."

Watu wakacheka. Bi Kweli akakipokea, akakigeuza. Picha ya nyuma ilikuwa ya mdogo wake.

Alikuwa ameongezeka mwili na kuvaa miwani, na jina la kitabuni ni lile la babu yao, ambalo mdogo wake hulitumia mahakamani, lakini ni yeye. Wenzake walijua tu kwamba Bi Kweli ana mdogo wake mjini kwingine. Moyo ulimruka kwa furaha, karibu apige kigelegele. Akajizuia. Alitaka akisome kwanza, kisha Jumamosi ijayo awatangazie mwenyewe.

Kesho yake hakugusa cherehani. Alisoma kuhusu vifo vya baba na mama, akalia upya. Akafungua ukurasa uliofuata akijitafuta. Hapo ndipo alipopaswa kuwapo: msichana aliyeacha shule ili mdogo wake aendelee, aliyeshona mpaka vidole vikafa ganzi, aliyemkataa seremala aliyempenda kwa sababu seremala alisema, "Wewe njoo, lakini mtoto mpeleke kwa ndugu zenu."

Hakuwapo. Kitabu kilisema ndugu walitawanyika, mtoto akabaki na Mungu wake. Akaendelea kufunua, kurasa na kurasa. Karibu na katikati akajiona, mstari mmoja tu: "Jirani mmoja, mshona nguo, alinihurumia akanipa shati."

Akampigia simu.

"Shikamoo dada! Umekiona?"

"Marahaba. Nimekiona. Mimi nimekuwa jirani yako tangu lini?"

Mdogo wake akacheka kidogo, cheko la kununua muda. "Dada, usilichukulie hivyo. Mhariri alisema watu wamezidi. Alitaka mtoto aonekane yuko peke yake, ndipo msomaji aguswe."

"Lakini hukuwa peke yako."

"Najua. Na wewe unajua. Haitoshi?"

Bi Kweli akakifunga kitabu.

"Halafu dada," mdogo wake akaendelea, sauti imelainika, "wale wenzako wa kusoma, wasukume kidogo wakisome. Neno lako wanalisikiliza."

Bi Kweli alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Jumamosi ilipofika, kila mtu alikuwa ameshakisoma. Dereva alikuwa ameleta nakala nyingine, zikazunguka mkono kwa mkono. Mwalimu mstaafu, mama mtu mzima asiyelia ovyo, alikuwa na leso mkononi. "Mtoto wa watu," alisema. "Hata ndugu mmoja wa kumshika mkono hakuwa naye. Binadamu wana roho ngumu!"

Bi Kweli alikusudia kujikaza kisabuni na kupitisha siku. Maneno hayo yakamshinda.

"Alikuwa naye," akasema. "Mimi ni dada yake. Huyo jirani wa shati ni mimi, na mashati yake yote nilishona mimi mpaka alipomaliza chuo."

Mwalimu akamtazama, kisha akakitazama kitabu, kama anayepima nani mzito.

"Lakini Bi Kweli," akasema polepole, "mbona wiki iliyopita hukusema?"

Akataka kueleza ile furaha, na namna alivyotaka kuwashtukiza. Masikioni mwake mwenyewe ilisikika kama uongo. Muuza dawa, aliyekuwa akimpenda na kumheshimu, akamshika bega. "Vitabu vizuri ndivyo vilivyo, mama. Msomaji anajiona yumo."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini. Picha angeweza kuwaonyesha. Alikuwa nayo chumbani, yeye na mtoto mwembamba mwenye shati jipya. Hakuinuka. Hakuona kwa nini atoe ushahidi wa maisha yake mbele ya watu aliowafundisha kusoma ya wengine.

Baraza lilikichagua kitabu kuwa bora cha mwaka ule. Kisha likahamia nyuma ya duka la dawa, kwa maelezo kwamba Bi Kweli apumzike. Hakuna aliyegombana naye. Walimsalimu barabarani kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa.

Dereva peke yake ndiye aliyerudi, na suruali ya kupunguza. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia.

"Bi Kweli, niambie tu ukweli. Ni mdogo wako?"

"Suruali unaitaka lini?"

"Nitakuamini, wallahi."

"Siku ile niliposema, ulikuwa umekaa hapo hapo," akasema, akimwonyesha kiti.

Dereva akainamisha kichwa. Kisha akauliza asome nini sasa.

"Soma utakacho," Bi Kweli akamjibu, na akavuta suruali mezani kuipima.