Prosesa Iliyolala Siku ya Matanga

Kompyuta yetu ya Kondele ilikuwa na homa. Jua la mchana likishakolea juu ya mabati ya ile ofisi nilimopigia watu chapa, mashine ilipata moto, ikazimika ghafla, na barua ya mtu ikapotea nayo. Niliipepea kwa gazeti, nikaivua kifuniko, hata nikaiombea. Haikusikia.

Fundi mmoja kijana aliyeishi Migosi akaja na disketi. Akanieleza kwamba prosesa, yaani ubongo wa mashine, hukimbia mbio hata pasipo kazi. Basi alikuwa na kiprogramu cha Windows 95 cha kuilaza kila inapokosa shughuli, ipoe na isile umeme bure. Nilimwambia hata mimi ningependa kuwekewa kimoja. Akacheka, akakiweka, akaenda zake Maseno.

Kweli homa ikashuka, nami nikajisifu kwa majirani wote. Kumbe dawa ilikuwa na madhara yake.

Ijumaa moja mchana akaingia mzee aliyefiwa na mkewe, anataka programu za mazishi, zile karatasi za ratiba na wasifu wa marehemu. Gari la kwenda kuutoa mwili mochari lilikuwa linamngojea yeye, na programu zilipaswa kuondoka nalo, maana kesho yake ndiyo siku ya kuzika. Nikapiga chapa wasifu wote, nikaamuru printa ianze. Ikapiga kelele zake, ikafika "Marehemu alipenda sana", ikanyamaza.

Mzee akaisoma karatasi, akasubiri. Kisha akaniuliza kwa upole, "Alipenda sana nini?"

Nikabadilisha utepe. Nikachomoa waya, nikauchomeka tena. Nikazima kila kitu na kuwasha upya, ikakwama vilevile. Niliogopa, tena sana, kwa sababu mama wa watu angezikwa nusu sentensi. Nikakisukuma kipanya kwa hasira, na printa ikaguna, ikaandika neno. Nikakiachia, ikanyamaza. Nikakisukuma tena, ikaandika. Hapo nikaelewa. Printa ikiandika sisi hatugusi kitu, na kile kiprogramu kikaona hakuna kazi, kikailaza prosesa na shughuli ya watu ikiwa mkononi.

Nikamwambia mzee kwamba mashine inalala.

Neno lenyewe lilikuwa kosa. Huwezi kumwambia Mjaluo mwenye msiba kwamba kuna anayelala. Mzee akavuta kiti, akauondoa mkono wangu kwenye kipanya.

"Mama anaenda nyumbani leo na hii inalala? Hapana, nyara," akasema, akiniita binti yake. "Kwa matanga watu wanakesha. Mimi nitakesha na yeye."

Akaanza kukizungusha kipanya polepole, kama anayekoroga uji. Na kwa vile mkeshaji hakai kimya, akaanza kuisimulia mashine habari za mkewe. Jinsi alivyogombana na wauza samaki hadi wakamwongezea omena ili tu aondoke. Jinsi alivyovua viatu kanisani, halafu akavitafuta kwa vidole vya miguu katikati ya sala. Jinsi alivyomkataa mara ya kwanza kwa kuwa suruali yake ilikuwa fupi. Programu zikatoka moja baada ya nyingine. Nilicheka hadi machozi, na yeye pia alicheka.

Alipofika kwenye ile suruali ndipo nikakumbuka kwamba kile kiprogramu hufungika hata bila kipanya; nikapitisha mkono kwenye kibodi, nikakifunga. Printa ikaendelea yenyewe bila kusita. Nikamwambia sasa anaweza kupumzisha mkono, mashine haitalala tena.

"Nimeona ukifunga," akasema, bila kuacha kuzungusha. "Lakini mkono yangu ikisimama, itabidi niende nimchukue Mama."

Nikaongeza karatasi kwenye printa.