Sauti Iliyofika kwa Wakwe

Wasomaji, mwenzenu nilijichimbia shimo kwa mdomo wangu mwenyewe. Ninasomea mambo ya uhalifu na mahakama hapa Kericho, na kazi yetu ya muhula ilikuwa kuhusu wizi wa mifugo. Vitabu vya maktaba vilikuwa vichache, basi msimamizi wake akanionyesha jinsi ya kutafuta hukumu za kesi mtandaoni. Wacha nisome! Asubuhi nzima nilifuata wezi wa ng'ombe kutoka kesi moja hadi nyingine.

Nikatoka kwenye veranda nimrekodie Achieng, mwenzangu wa kazi hiyo, ujumbe wa sauti. Kwa furaha nikajifanya mwizi: "Sikia, nimepata mbinu. Ng'ombe tunawatoa Mulot, tunawapitisha msituni, halafu tunakata masikio upya ndio alama ya mwenyewe ipotee. Polisi watajua nini?" Nikatuma, nikarudi ndani nikijiona profesa.

Baadaye Achieng akanipigia. "Na ile sauti uliniahidi iko wapi?"

Nikaangalia simu. Nilikuwa nimeituma kwa grupu ya wakwe zangu wa kijiji cha Kimulot, ambako Jumamosi hiyo nilitarajiwa kupeleka ng'ombe wa mahari ya mchumba wangu, Chebet. Wote walikuwa wameisikiliza. Nikiwa naandika maelezo ya kujitetea, simu ikalia. Alikuwa baba yake Chebet.

"Kijana wangu," akasema taratibu, "hao ng'ombe wa Jumamosi, masikio yao yako sawa?"