Siku niliyomkana mama mbele ya nyani wa zoo

Wakuu, habari za jioni. Leo sina siasa wala mpira. Nina jambo nimelibeba tangu nikiwa class seven, na nitalisema vile lilivyokuwa, hata pale ambapo mimi ndiye mbaya. Kama uko kazini soma polepole, halitaki haraka.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, wa huko Makueni, pande za Mbumbuni.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini shule yetu ilipanga trip ya kwenda Nairobi, kwa wale wanyama yatima, ile zoo ya serikali. Darasa zima hatukulala vizuri wiki hiyo. Simba tulikuwa tunamjua kwa kitabu tu.

Mwalimu mkuu akaomba mzazi mmoja wa kwenda na sisi kuangalia chakula. Mama yangu akainua mkono kabla wengine hawajafikiria.

Sasa elewa kitu kimoja. Ule ulikuwa wakati mahindi yamekomaa, na kwetu mahindi yakikomaa mtu haondoki shambani. Nyani wanashuka kutoka kilimani kundi zima, na ukienda kuteka maji tu unarudi unapata mabua matupu. Mama alikuwa analinda tangu asubuhi hadi giza, na mawe yake amepanga kando kama duka.

Siku hiyo aliomba jirani amlindie. Alikuwa hajawahi kufika Nairobi, na alitaka twende pamoja.

Kitu kingine. Mimi nimepewa jina la nyanya, mamake baba. Kwa hivyo mama hakuwa ananiita jina. Alikuwa ananiita mwaitu, yaani mama yetu, kwa heshima ya mama mkwe wake. Hata akinichapa alikuwa anasema, "Mwaitu, leo utanitambua!"

Basi tukaenda. Sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, imefungwa kwa gunia nyuma ya basi, mama amekaa kando yake amevaa leso mbili na viatu vya kanisa. Na kiondo chake mkononi, kile alikuwa anasuka. Wale wa Ukambani mnajua, mama zetu walikuwa wanasuka wakitembea, wakiongea, wakingoja daktari. Mikono haikuwa inangoja macho.

Zoo tukaona simba amelala. Tukaona chui naye amelala. Vijana wakaanza kulalamika kwamba wanyama wa Nairobi ni wavivu.

Halafu tukafika kwa nyani.

Kulikuwa na shule nyingine hapo, ya Nairobi, watoto wa soksi nyeupe wanaoongea Kizungu hata wakigombana. Mlinzi mmoja alikuwa anawatupia nyani mahindi mabichi. Mazima, na maganda yake.

Nyani mmoja mkubwa akachukua hindi, akaliuma mara mbili, akalitupa, akachukua lingine.

Nilisikia sauti ya shambani. "Uuuui! Uuuui!" Nikajua kabla ya kugeuka.

Mama alikuwa ametupa kiondo chini na ameokota jiwe. "Weka mbemba chini, mwizi wewe!" Jiwe likalia kwa chuma, ngaa! Nyani wote wakapanda juu. Wale walijua maana ya mama Mkamba na jiwe, hata kama walizaliwa Nairobi.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, hawa ni wa serikali!"

Mama akamwuliza, bila utani kabisa, "Hata mahindi ni ya serikali?"

Wale watoto wa soksi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wenzangu pia walicheka, lakini kicheko cha nyumbani, maana kila mmoja mama yake angefanya vivyo hivyo. Mimi sikucheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Msichana mmoja wa ile shule akaokota kiondo. Hakuwa mbaya, wakuu, nataka mjue hivyo. Akakipangusa vumbi, akanijia, akaniuliza kwa Kizungu kama yule ni mama yangu, nimpelekee.

Nikamjibu, "No. She is our cook."

Na sikupokea kiondo.

Mama alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Alisoma hadi darasa la nne, na hilo neno la mpishi halikuhitaji darasa la tano. Alikuja mwenyewe, akapokea kiondo kwa mikono miwili, akamwambia yule msichana, "Asante sana, mtoto mzuri."

Mimi hakuniangalia.

Wakati wa chakula alipakua kwa laini. Nilipofika na sahani yangu akasema, "Wewe msichana, songa karibu." Akanipakulia sawa na wengine, si zaidi, si kidogo. Alikuwa anafanya ile kazi niliyompa.

Njia yote ya kurudi mama hakusuka hata mshono mmoja.

Tulipofika nyumbani jirani alikuwa anatungoja njiani. Alikuwa ameenda kumnyonyesha mtoto, na nyani walishuka. Matuta mawili ya juu yalikuwa yameisha. Mama alitembea katikati ya mabua akiokota mahindi yaliyoumwa mara mbili na kutupwa.

Asubuhi akaniita, "Mwaitu, amka uende shule." Nikajua amefunga hayo maneno, na mimi nikashukuru yamefungwa. Nilikuwa mwoga.

Sasa hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Miaka ya tisini nikiwa mwalimu, nimeolewa, nilimpeleka mama zoo ile ile na watoto wangu. Nilijiambia leo nitarekebisha. Pale getini askari akaniuliza, "Na huyu mama mko naye?"

Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Mimi ni mpishi wao."

Askari akacheka. Mama naye akacheka, akaniangalia, akangoja.

Wakuu, alinifungulia mlango kabisa. Ningesema maneno matatu tu. Badala yake nikacheka pia, kama vile ni mzaha, nikashika watoto mikono, nikaingia.

Utoto naweza kuusamehe. Mara hii ya pili nilikuwa mtu mzima.

Mama bado yuko, amezeeka, macho yamepungua lakini mikono bado inasuka. Jumamosi naenda nyumbani, na nimeapa sitarudi na hili jambo.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi anaweza kunyamaza miaka mingi na bado awe anangoja. Usidhani kunyamaza kwake ni kusahau.

Kama kuna aliyewahi kumkana mzazi wake akarudi kuomba msamaha, niambie ulianzaje. Kama ni kunitukana pia tukana, nimekaa hapa.

Na kwa yule msichana wa soksi nyeupe, kama unasoma haya mambo: yule mwenye jiwe alikuwa mama yangu. Nimeandika hapa kwanza, ili Jumamosi mdomo uwe umezoea.