Majani ya Ng'ombe wa Mektrida

Watu wa Uru, kule mlimani kwa Wachagga, wenye migongo mibovu walijua kwamba kwa Mektrida mtu hukandwa mara mbili, kwanza kwa mdomo, halafu kwa mikono. Ukifika umejishika kiuno, hata shikamoo yako hujaimaliza, ameshaanza kukugombeza. Ulikuwa wapi muda wote huu? Ulidhani mgongo utajinyoosha wenyewe? Lala hapo! Basi unalala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe, unasikia harufu ya samli inayopashwa motoni, na kwa woga unauliza lile swali ambalo kila mtu aliuliza.

"Mama, itauma?"

"Itauma," Mektrida alijibu, "na kesho itauma zaidi. Keshokutwa ndiyo utanikumbuka kwa wema."

Alikuwa na majibu ya kila kitu, na yote aliyatoa kwa ukali. Aliyesikia mgongo ukilia ko! chini ya viganja vyake akauliza kama mfupa umevunjika, aliambiwa kwamba ungevunjika angepiga mayowe, asingepata nafasi ya kuuliza. Mjamzito alilazwa ubavu, akaguswa kiunoni taratibu, akatukanwa taratibu vilevile. Aliyeanguka kutoka juu ya mti akafa ganzi miguu hakuguswa kabisa. "Huyu ni wa hospitali," alifoka. "Mmeniletea mimi nimuue?" Hata katekista, aliyetaka kwanza kuhakikisha kwamba hakuna mambo ya mizimu, alipata jibu lake: "Mwalimu, hapa pana samli na vidole. Ukiuona mzimu nionyeshe, na wenyewe nitaukanda."

Lakini swali lililompandisha mori halikutoka kwa wagonjwa. Liliulizwa na waume zao, wakiwa wamesimama mlangoni, hata kukaa hawataki.

"Sasa mama, atabeba majani lini?"

Ng'ombe wa mlimani hachungwi. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vimebanana, kahawa huku na migomba kule, malisho hakuna, kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani mwaka mzima akingoja kuletewa. Na majani yenyewe yako chini tambarare. Wanawake ndio walioshuka na mundu na kamba asubuhi, wakapanda mchana na mizigo mikubwa kuliko wao, shingo zimezama mabegani. Mwanamume kubeba majani kichwani? Angechekwa kilabuni mpaka atamani kuhama. Miaka ile redio ilihubiri kujitegemea kutwa nzima. Mwenyekiti wa kijiji akayarudia hayo hayo mkutanoni, wanaume wakapiga makofi kwa nguvu, kisha wakaenda kunywa mbege, pombe yao ya ndizi, huku wake zao wakipanda mlima. Mektrida aliwaona kwa macho yake, na kila alipowaona alitema mate.

Hasira hiyo hakuanza nayo uzeeni. Alipokuwa bado kijana, mke wa Sirili, mgongo wake ulikwama siku moja akiwa njiani na mzigo. Mama mkwe wake, aliyekuwa fundi wa kunyoosha migongo, akamkanda vizuri sana. Kesho yake, kabla hata uji haujapoa, akamkabidhi mundu. Kazi ya kukanda Mektrida alijifunza palepale, kwenye mgongo wake mwenyewe. Alimzika mama mkwe, akamzika na Sirili, hasira hakuizika.

Sasa alibaki na mwanawe Theodory, mkwewe Juliana, na ng'ombe mmoja mwenye maziwa mengi aliyemsifia kwa kila mgeni. Ng'ombe huyo ndiye aliyemwokoa mwaka ule, maana mafuta ya kupikia yalikuwa hayaonekani madukani hata kwa dawa. Wakandaji wengine wangefunga kazi. Yeye alikuwa na samli yake.

Mwaka huohuo Remigius alimleta mkewe, Zita, kwa mara nyingine tena. Safari zilizopita Zita alilalamikia kiuno. Safari hii mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Mektrida alimpapasa pingili za mgongo moja baada ya nyingine, akafinya kidole gumba cha mguu ule, Zita hata hakugutuka.

"Hasikii," Mektrida alisema. "Remigius, nisikilize vizuri. Huyu apelekwe hospitali. Na akibeba tena, mguu huu utakufa. Hatatembea."

Remigius aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. "Nimekuelewa, mama. Kwa hiyo atabeba majani, tuseme, Jumatatu hivi?"

Mektrida alichukua bakora ya marehemu Sirili iliyoegemezwa ukutani, akamtimua nayo mpaka kwenye uzio. Alimwita majina ambayo katekista hakupaswa kuyasikia. Akamwambia asikanyage tena pale. Nyuma yao Zita alitoka akijikokota, akamfuata mumewe, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Baada ya siku chache Remigius alirudi, ameshika jani la isale mkononi. Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, hata kama aliyelileta ni mtu wa kutia kichefuchefu. Mektrida alilipokea kwa vidole viwili, kama anayeokota panya. Nyuma ya Remigius alisimama Zita, ameegemea mgomba, uso umesawijika.

"Nimekusamehe kwa ajili ya jani, si kwa ajili yako," Mektrida alisema. "Mabega nitamlegezea. Hospitali utampeleka wewe, kesho. Na majani, kuanzia leo, utabeba wewe."

Remigius alicheka, si kwa sauti kubwa. "Sawa, mama. Lakini na mimi nina swali. Ng'ombe wako wewe, majani anabebewa na nani?"

Mektrida alifungua mdomo.

"Maana tumempita mkweo pale darajani," Remigius aliendelea. "Amekaa chini na mzigo, kuunyanyua hawezi. Ikabidi mimi ndiye nimtwike."

"Alituomba tusikwambie, mama," Zita alisema kwa sauti ya chini.

Akaufunga, akamlaza Zita, akamlegeza mabega. Kila alipochovya vidole kwenye samli aliona ilikotoka. Samli ilitoka kwenye maziwa, maziwa yalitoka kwenye majani, na majani yalipanda mlima juu ya shingo ya Juliana. Migongo ya Uru nzima alikuwa akiinyoosha kwa kuuvunja mmoja wa nyumbani kwake.

Wageni walipoondoka ndipo Juliana alipoingia uani na mzigo wake. Aliutua mbele ya banda, akajifuta jasho, akamwamkia mama mkwe wake kwa uchangamfu kama kawaida yake.

"Lala hapo," Mektrida alisema.

"Mimi mzima, mama."

"Juliana, lala!"

Akalala. Mikono ya Mektrida haikuhitaji kutafuta. Kiuno kilikuwa kigumu kama gogo, na alipogusa mahali fulani upande wa kushoto, mwili mzima wa binti ulishtuka.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Tangu masika!" Hasira zilimpanda, na kwa kuwa zilizoea njia moja tu, zikapita hapohapo. "Watu wanatoka Machame, wanatoka Mwika, wanakuja kwangu! Wewe tunakula chungu kimoja, unanificha mgongo? Kwa nini hukuniambia?"

Juliana alijibu akiwa ameuzamisha uso kwenye ngozi. "Ungenikanda, mama. Halafu kesho yake ungenipa mundu."

Mektrida aliondoa mikono. Alitaka kumtukana mtu, na aliyestahili alishazikwa zamani, au alikuwa amekaa palepale na samli vidoleni. Ilimuuma sana. Aliona aibu, kisha aliichukia ile aibu, na mwishoni akabaki na hasira tupu ambayo hakujua aipeleke wapi. Juliana hakumwuliza kama itauma. Mektrida alimkanda mpaka kile kiuno kikalegea.

Kesho yake Juliana alipoamka hakuukuta mundu. Mama mkwe wake alikwisha kushuka.

Mzigo ambao Mektrida aliupandisha mchana ule haukuwa mkubwa, ila shingo yake ya kizee ilitetemeka njia nzima, na mara nyingi aliegemea kingo za barabara akihema. Nyumbani hakwenda. Alikata kona kuelekea kilabuni, ambako wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na vibuyu vya mbege, na Theodory akiwa katikati yao, anasimulia jambo kwa mikono yote miwili. Remigius naye alikuwepo, siku ileile aliyoambiwa ampeleke Zita hospitali.

"Shikamoo, mama!" walimwamkia pamoja, wakainuka nusu.

Hakuitikia. Aliutupa mzigo miguuni pa mwanawe, kibuyu kikapinduka na mbege ikamwagika.

"Beba," alisema.

"Mama, kuna nini? Juliana yuko wapi?"

"Amelala. Beba majani ya ng'ombe."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka. Mektrida aligeuka. "Nani huyo? Hakuna mgongo hapa nisioujua, na nina uhakika wa kwako utarudi kwangu." Kicheko kikakatika, maana ilikuwa kweli. Wote pale walishawahi kulala juu ya ile ngozi, wakalia.

Theodory aliutazama mzigo, akawatazama wenzake. "Kichwani, mama? Mbele za watu wote hawa?"

"Itauma," Mektrida alisema. "Na kesho itauma zaidi."

Theodory akainama. Wakati anajitwika, majani yakimwangukia usoni, hakuna aliyethubutu kumtazama. Mektrida alisubiri mpaka mzigo ukatulia. Kisha akamgeukia Remigius, akamnyooshea mundu kwa upande wa mpini.