Jani Kwenye Kidole Gumba

Siku ya tatu tangu nijikate kwa kisu, jani lilichipua kwenye kidole gumba changu.

Umesoma vizuri. Jani. La kijani, lina mishipa, na nikilivuta maumivu yanafika mpaka kwapani.

Kabla hujasema nimevuta kitu, ngoja nikueleze kazi yangu. Nabebesha miche kwenye kitalu cha shangazi yangu, dada yake baba. Unachukua mche wa mlimau, unaukata kichwa, unachomeka kijitawi cha mti mwingine, unafunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu miti miwili imekuwa mmoja.

Na watu wa kitalu tuna ujinga wetu. Tukijikata hatutafuti plasta. Tunafunga kidonda kwa utepe uleule wa miche, kazi inaendelea.

Siku hiyo shangazi aliniletea kijitawi chenye maua ya zambarau, akasema kuna mteja anataka kibebeshwe kwenye mlimau. Nikiwa nakichonga, kisu kikateleza kikanikata. Nikafunga utepe, nikakaza kama nilivyofundishwa. Kumbe kisu kilikuwa na vipande vya kile kijitawi vimenata.

Jamani, nilijibebesha mwenyewe.

Ule mlimau niliobebesha kile kijitawi ulipukutisha majani yote ndani ya wiki. Kijitawi ndicho kilichonenepa. Kilikuwa kinaunyonya ukiwa umesimama.

Na mimi je? Sikuumwa hata kidogo. Nilikuwa na raha. Sili, nakaa juani nakenua tu. Mimi, ambaye mtaani wananiita Pilipili kwa sababu sijawahi kumeza neno! Mteja mmoja alinitukana mbele za watu, nikamwambia asante, karibu tena.

Shangazi alifurahi, akasema sasa nimekua. Tangu nikiwa mdogo wimbo wake kwangu ni mmoja: hasira hasara, tulia mwanangu.

Aliyeniokoa ni fundi baiskeli, jirani yetu. Alimwaga oili chafu kwenye miche yangu, halafu akacheka. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilimtolea maneno siwezi kuyaandika hapa. Nilipotazama kidole, lile jani lilikuwa limenyauka.

Hapo akili ikanirudia. Kwenye kubebesha, shina la chini likitoa machipukizi yake, unayapogoa haraka. Ukiyaacha, shina linajilisha lenyewe na tawi la kupachikwa linakufa njaa. Sasa hasira ndiyo machipukizi yangu, na hili dude lilikuwa linanipogoa kila siku.

Nikasema leo ni leo, mimi hunili ng'o. Nikaketi, nikamkumbuka kila aliyewahi kunidharau, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mwalimu wa darasa la pili. Jani likajikunja, likawa jeusi. Nikalichimbua na mizizi yake kwa kisu kilekile. Ukelele nilioupiga ulitoa watu majumbani.

Shangazi hakutoka. Nilimkuta nyuma ya kitalu, ameketi juani anatabasamu. Nikamuuliza yule mteja wa kijitawi anaishi wapi. Akaendelea kutabasamu tu, kama nilivyokuwa nakenua mimi. Nikamvua kitambaa cha kichwani.

Nyuma ya sikio lake lilikuwa limeota tawi nene kama kidole, limechanua zambarau. Upande mmoja limekatwa mshazari, mkato wa kisu chetu; kijitawi changu kilitoka pale. Mteja hakuwahi kuwepo.

"Nilitaka na wewe upumzike," akaniambia. "Nilijua kisu kitakuteleza tu, kama kawaida yako. Haliumi, mwanangu."

Nililia. Huyu ndiye aliyenilea. Nikakumbuka alianza lini huo utulivu wake: mwaka aliofiwa na mumewe, shemeji zake wakamtoa nyumbani na godoro moja, akasema amemwachia Mungu. Wote tulimsifu kwa moyo wake mzuri.

Nikajua la kufanya, nalo liliniuma kabla sijalitamka. Nikachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, lile koti la marehemu, shemeji yako mdogo analivaa akifyeka nyasi. Nimemwona kwa macho yangu. Uliwaachia kila kitu kwa sababu wewe ni mwoga."

Tabasamu likamfutika. Kisha mishipa ya shingo ikamtoka. Maua yakaanza kudondoka begani kwake, moja, moja.

Akanizaba kibao nikaona nyota mchana.

Nikachomoa kisu, nikalikata lile tawi huku nacheka na machozi yananitoka. Jioni tuliuchoma moto ule mlimau pamoja na maua yake, na shangazi alikuwa anautukana ukiungua.

Leo ana kovu nyuma ya sikio, na mtaani hakuna mwanamke mkorofi kama yeye. Juzi alikwenda kwa shemeji zake bila kuniaga. Alirudi amevaa koti.

Ndugu yangu unayesoma, hasira ni hasara, sikatai. Lakini wengine wanakwambia utulie kwa upendo kabisa, huku wenyewe wanaliwa. Ukiona kila chipukizi lako linakatwa nawe unatabasamu, jipapase nyuma ya sikio.