Mbuzi Aliyechinjiwa Kadzo

Juzi, sokoni Magarini, nilisikia harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa, nikakumbuka alasiri baba alipochinja nyumbani. Dada yangu Kadzo alikuwa amefaulu mtihani, nami nikadhani tunamsherehekea. Wageni walipoketi mkekani, nilimwambia mmoja wao, mzee mwenye mvi, "Dada anakwenda sekondari."

Mzee alicheka, akamtazama baba.

"Sekondari atakwenda kaka yake huyu," baba akamwambia, akinigusa bega. "Kadzo ni mkeo."

Kadzo alikuwa ameleta sinia la nyama. Aliliweka mbele ya baba taratibu.

"Kula ushibe, baba. Leo ndiyo mwisho wa mimi kuwa mwanao."

Nilipochukua kipande, alinipiga mkono, nyama ikaanguka mchangani. Aliondoka na mzee yule jioni. Hakurudi kwetu tena, hata kumzika baba.