Wimbo wa Mama Esta

Leo nimeimba wimbo mzima, na mtu aliyekua akiusikia hakuutambua.

Ni kwenye mazoezi ya kwaya, hapa Overport, mtaa wetu wa ugenini. Zamani tulikuwa tunajaa mpaka kwenye ngazi. Sauti nne, do-re-mi kwanza, maneno baadaye, vile tulivyofundishwa kwetu Uvira.

Leo tumefika wawili. Mimi besi, Maman Furaha alto. Wengine wako Kanada, wengine wanafanya kazi hata Jumapili. Vijana nao wanataka kinanda na spika. Eish.

"Papa, tuimbe tu," Maman Furaha akasema.

Tukaimba, kila mtu sauti yake.

Katikati akaingia Esta. Ameleta joho la marehemu mama yake, soprano wetu wa mwisho, tuliyemzika juzi.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Papa, huo ni wimbo gani?"

"Si ule wa mama yako? Ule alikuwa anaimba akisonga bugali?"

"Hapana, Papa. Wa mama ninaujua."

Soprano, sauti ya juu, ndiyo inabeba wimbo. Sisi wengine tunausindikiza tu.

Ndugu zangu mlioko mbali, nani bado anaikumbuka soprano ya wimbo huu? Irekodini hata kwa simu, mnitumie.

Esta bado amekaa hapa, joho liko mapajani.